Faikasi Ndia Kuu: Pambo au Balaa?

Nimeshika kalamu nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Ni jambo la mti. Tena si mwembe wala mnazi, miti ambayo mtu akiihangaikia leo kesho atakula tunda lake. Ni mti wa pambo tu, ule ambao wauza miche hapa Mombasa wanauita faikasi.

Muhula uliopita vijana wa mtaa wetu walitoa fikira kwamba Ndia Kuu ipandwe miche 30 ya faikasi, pande zote mbili, kuanzia upande wa Ngomeni, ili Mji wa Kale upendeze na watalii wapate kivuli. Chama chetu cha Kiswahili kikaombwa kitoe wanafunzi wa kuchimba mashimo. Katika mkutano wetu wengi walipiga makofi, na mmoja akasema ati hata magazeti yatakuja kutupiga picha. Kengele ililia kabla sijapewa nafasi ya kusema, na jambo lenyewe litaamuliwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Kwa hivyo nasema hapa, kwa maandishi, ili mtu asije akadai baadaye kwamba hakuambiwa. Mimi napinga.

Kwanza tujuane na huyu mgeni. Jina lake la kitaalamu ni Ficus benjamina, na kwao ni Asia, kutoka upande wa Bara Hindi hadi kaskazini mwa Australia. Ni mti mzuri, sikatai. Majani yake ni madogo yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na matawi yake huinama kama kichwa cha bibi arusi. Ukitaka utaukata uwe duara, ukitaka uwe mwavuli, na wako wanaosuka mashina matatu pamoja kama nywele. Ndiyo maana utauona katika hoteli na benki na mbele ya nyumba za wenye nacho. Jamaa zake ni wengi, zaidi ya aina 750 duniani, na nyingi ni za nchi za joto. Mkuyu wetu ni wa ukoo huo huo. Mtini wa tini za kuliwa, ule uliopewa sura yake katika Kurani, ni wa ukoo huo. Mti wa mpira wa majani mapana nao ni huko huko, na hata ule wenye majani mfano wa fidla, Ficus lyrata, ambao asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati lakini sasa unauzwa dunia nzima uwekwe sebuleni.

Hapa pana mzaha wa nyanya yangu ambao siwezi kuuacha. Sisi watu wa Mvita, pale Kiswahili sanifu kinaposema chini, sisi twasema tini. Basi nyanya husema, "Muti huu waitwa mtini kwa kuwa balaa yake iko tini." Watu huteka, yaani hucheka, lakini yeye hasemi kwa mzaha mtupu.

Nyumba ya nyanya iko kichochoroni, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari yake ni boriti za mikoko. Zamani, kabla sijazaliwa, upande wa chini ulipangishwa, na mpangaji mmoja alikuwa na faikasi yake ndani ya debe, kaiweka uani karibu na birika. Alipohama akaiacha. Debe likaliwa na kutu, mizizi ikatoka chini ikaingia katika nyufa za sakafu, na mti ukafurahi. Hakuna aliyejali kwa sababu ulikuwa unapendeza. Sisi wajukuu tulicheza pale, nyanya akianika nguo zake kwenye kamba iliyofungwa shinani.

Mwaka juzi maji ya birika yakawa hayakai. Ukijaza jioni, asubuhi unakuta nusu. Fundi alipobomoa alikuta mizizi minene kama mkono wangu imelikumbatia birika, na mingine myembamba kama nywele imejaza bomba la maji machafu mpaka halipitishi kitu. Ukuta wa uani ulikuwa na ufa ambao niliweza kutia vidole vinne. Nyanya aliuza bangili moja ya dhahabu, miongoni mwa zile alizopewa arusini mwake, ili fundi alipwe. Mti ukakatwa. Baada ya miezi michache ukachipua tena, safari hii kutoka ndani ya ukuta wenyewe, na fundi ikabidi arudi atoe mawe mamoja mamoja mpaka aufikie mzizi. Nyanya akaniambia, "Mwanangu, muti hauna mato, lakini mizizi yake yaona maji kuliko mimi."

Fundi yule ni mzee wa hapa hapa Mji wa Kale, na wakati nikimpelekea maji na vifaa alinieleza mambo ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Jiwe la matumbawe, alisema, si kama tofali la saruji. Lina vitundu vitundu, linakunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo ni laini, inapumua pamoja na jiwe. Kwa miaka mingi hilo ndilo lililofanya nyumba zetu zisimame katika joto na chumvi ya bahari. Lakini kwa mti wa ukoo huu, ukuta wa namna hiyo ni karamu: una unyevu, una chokaa, una nafasi ya kupenya. Mzizi ukiingia ukiwa kama uzi, utanenepa humo humo, na jiwe halina pa kwenda ila nje. Halafu watu wakiona ufa hukimbilia saruji. Saruji ni ngumu, inafungia unyevu na chumvi ndani, na ukuta unaendelea kuoza kimyakimya huku nje unaonekana mpya. Dawa ni kutoa mzizi wote, kisha kujenga upya kwa chokaa. Sasa nani leo ana pesa na subira ya kazi ya chokaa?

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunataka kwenda mbali zaidi, tunataka kuununua huo ufa, tuumwagilie maji na kupigwa picha nao.

Mwenye kutaka kuona mwisho wa mambo haya aende Gede, mwendo wa saa chache kwa matatu kupitia Kilifi. Pale palikuwa na mji wa mawe wa Waswahili, wenye misikiti na jumba la mfalme na visima, nao uliachwa na watu katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wanafunzi wengi tumepelekwa huko kwa ziara, na wengi tunakumbuka tumbili tu. Lakini tazama kuta. Mitini ya porini imekaa juu ya kuta kama watu waliopanda farasi, mizizi imeteremka pande zote mbili mpaka ardhini. Mahali pengine huwezi kujua kama mti unashikilia ukuta au ukuta unashikilia mti. Gede inapendeza hivyo kwa sababu hakuna mtu anayelala mle. Ndia Kuu watu wanalala.

Nao wanalala karibu karibu. Kwa msomaji ambaye hakai kisiwani, na wako wengi darasani kwetu wanaotoka Likoni na Kisauni, nieleze kidogo. Ndia ni njia kwa lugha ya Kimvita, na Ndia Kuu ni miongoni mwa njia za zamani kabisa za mji huu. Inaanzia jirani na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, na inakwenda ndani ya Mji wa Kale kuelekea upande wa bandari ya majahazi. Kila upande pana nyumba zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, na baadhi zina maduka chini na watu juu. Katikati hupita tuktuk, mkokoteni, pikipiki, mwenye kuuza kahawa na mtalii mwenye kamera, wote kwa pamoja, wakiombana radhi. Chini ya lami pana mabomba ya maji na mifereji. Hiyo miche 30 itasimama wapi? Ukiupanda mti hatua moja kutoka ukutani, mizizi yake ina njia mbili tu: ndani ya mfereji au ndani ya nyumba ya mtu.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne aliniambia, "Wewe wataka watu waungue na jua." La hasha! Suala la kivuli ni la kweli na nalijibu. Waliojenga mji huu hawakuwa wajinga wa jua. Walijenga nyumba ndefu na ndia nyembamba kwa makusudi, nyumba ya huku imkinge jirani wa huko. Pita vichochoro vyetu asubuhi utaona kivuli upande mmoja, pita jioni utakiona upande wa pili. Barazani watu huhama na kivuli, ndivyo walivyofanya mababu. Jua linalotuunguza sisi wanafunzi si la Ndia Kuu, ni la huko barabara pana za nje na uwanja wetu wa shule ambao hauna hata kijiti. Halafu kuna methali isemayo kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Mtalii atakaa chini ya faikasi dakika tano, atapata kivuli, ataondoka kwenda zake. Mwenye ukuta atabaki na mizizi.

Isitoshe, ni nani aliyetuambia kwamba pambo la mji wetu ni majani? Nimewauliza wazee na jibu lao ni moja: pambo la Mswahili lilikuwa la kunukia. Uani na rohoni mlipandwa asumini, afu na mrihani. Mwenye nafasi alikuwa na mlangilangi au mkilua. Maua yalichumwa jioni, yakatungwa vikuba na makoja, mengine yakatandazwa kitandani au yakauzwa mtaani. Mama aliyekuwa na asumini mbili tatu ndani ya makopo alipata pambo, harufu na senti za mkate kwa pamoja. Faikasi haina ua la kuonekana, haina harufu, na ukivunja tawi lake utapata utomvu mweupe unaowasha wengine ngozi. Tukipita Ndia Kuu usiku wakati asumini imefunguka, hata yule asiyejua jina lake husimama. Sijapata kumwona mtu aliyesimamishwa na faikasi, ila anayetafuta mahali pa kufunga mbuzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hata birika la nyanya, nalo nimelipata kwa kusoma baada ya mwalimu wa bayolojia kuligusa kidogo darasani. Miti ya ukoo huu wa mkuyu haina maua kama mingine. Maua yake yamo ndani ya lile linaloitwa tunda, yamefichwa kama wali ndani ya sambusa. (Najua sambusa haina wali, lakini mmenielewa.) Nyuki hawezi kuyafikia. Anayeyafikia ni kinyigu kidogo sana, cha milimita 2 hivi, ambacho huingia kwa kitundu kilicho nchani mwa tunda. Kitundu ni kidogo mno hata kinyigu jike akipita mabawa yake hunyofoka. Ndani hutaga mayai, huacha chavua aliyokuja nayo, na hufa humo humo. Watoto wake wakianguliwa, madume, ambayo hayana mabawa, huwapanda majike, hutoboa njia ya kutokea na kufa bila kuuona ulimwengu. Majike hutoka na chavua mpya na kutafuta mti mwingine wa aina ile ile. Ajabu ya Mungu ni kwamba karibu kila aina ya mti ina kinyigu chake. Cha mkuyu hakiendi kwa faikasi, wala cha faikasi hakiendi kwa mkuyu.

Kwa sababu hiyo, mti wa ukoo huu ukipelekwa nchi ya mbali na kinyigu chake kikabaki kwao, huwa tasa. Mfano tunao ndani ya jamaa yetu wenyewe. Mkuyu ulipandwa Misri tangu enzi za mafirauni, wakala matunda yake na kuchonga majeneza kwa mbao zake, lakini kinyigu chake hakikuwako. Miaka yote hiyo ya Wamisri ilikuwa ni kuotesha kwa vipandikizi, tawi kwa tawi, na matunda ilibidi yachanjwe kwa kisu ili yaive. Huku kwetu Afrika Mashariki mkuyu na kinyigu chake wako pamoja. Kwa hivyo mkuyu wetu unazaa kweli kweli, na ukizaa wanakula njiwa, popo, hondohondo na tumbili, na tena huzaa nyakati tofauti, hata miezi ambayo miti mingine haina kitu. Mkuyu mmoja ni hoteli ya wanyama. Mgeni asiye na kinyigu chake ni sanamu yenye majani.

Na je, kinyigu kikimfuata? Hapo ndipo kuna kisa cha Hawaii na Florida huko Marekani. Watu walipanda mti mwingine wa pambo wa Asia, Ficus microcarpa, ndugu wa faikasi. Ulipokuwa peke yake ulikaa palepale ulipopandwa. Kinyigu chake kilipofika, mbegu zikaanza kuwa mbegu kweli, ndege wakazibeba, na miche ikaanza kuota juu ya mapaa, katika nyufa za kuta na juu ya miti ya watu wengine. Mgeni uliyemkaribisha sebuleni sasa yuko darini.

Watu wa Mombasa hatuhitaji kwenda Hawaii kujifunza hilo, maana tunaye kunguru. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe mji kwa kula taka. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Leo ni nani kati yetu hajanyang'anywa mandazi wakati wa mapumziko? Ndege wadogo anawamalizia mayai na makinda, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni 1. Aliletwa kwa nia njema, hilo sina shaka nalo. Na hao vijana wetu pia nia yao ni njema.

Msije mkadhani nauchukia ukoo mzima wa mitini. Mti mkubwa wa namna hii ukipata nafasi yake ni utajiri. Vukeni bahari kwa fikira mpaka Unguja, Mji Mkongwe, pale Mizingani mbele ya bahari. Kuna mti mkubwa unaojulikana na kila mtu, ambao husimuliwa kwamba ulipandwa na Sultan Khalifa mwaka 1911. Ni mti wa pambo, ndiyo, tena wa asili ya Bara Hindi. Lakini ulipewa uwanja. Chini yake mafundi wameunda mashua, mabaharia wamengoja abiria, na watu wamepumzika miaka zaidi ya 100, na bado unaonekana ukiwa chomboni. Huko Nairobi nako, mwezi wa Novemba 2020, kulikuwa na mtini mkubwa kando ya barabara ya Waiyaki, wenye umri wa miaka 100 na zaidi, ambao ulitakiwa kupisha barabara mpya ya juu. Watu wakapiga kelele, na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamuru uachwe. Barabara ilijengwa na mti ungali umesimama. Hata hapa kwetu wazee husema mkuyu una wenyewe, wakimaanisha majini na pepo, na kwa hofu hiyo miti mingi ilinusurika shoka. Mimi siingii katika habari za majini. Nasema tu kwamba hofu ile imefanya kazi nzuri kuliko mabango mengi ya kuhifadhi mazingira.

Kinachoniuma ni hiki. Tunafunga safari kununua mti wa Asia, na iko mitini ya pwani yetu wenyewe ambayo haipatikani mahali pengine popote, nasi hatujapata hata kuisikia. Upo mmoja uitwao Ficus faulkneriana, wa pwani ya Kenya na Tanzania tu. Wataalamu waliupa jina hilo mwaka 1988 kwa heshima ya Helen Faulkner, mkusanyaji wa mimea. Ni mti adimu, kwa sababu misitu ya pwani imebaki vipande vipande, kiraka hapa kiraka pale, na kila kiraka kinamezwa na mashamba na nyumba. Niliwauliza wauza miche wawili. Mmoja alinijibu kwamba hakuna mti wa jina hilo, mwingine akasema anao na akanionyesha faikasi! Mti adimu wa kwetu hauna hata jina la sokoni, na wa ugenini una bei.

Basi, kwa kuwa mwalimu wetu mlezi wa chama alituambia kwamba anayepinga alete lake, mimi naleta langu. Ndia Kuu pasichimbwe shimo hata moja. Mji wa Kale ni eneo la kuhifadhiwa, na ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa inayosimamia majengo yake haiko mbali. Kabla ya kugusa lami mtu anapaswa kwenda kubisha hodi pale. Badala ya miche 30 ya faikasi, fedha zile zile zinunue asumini na mirihani ndani ya vyungu vya udongo, wapewe wenye nyumba na wenye maduka watakaokubali kuitunza. Chungu kiwekwe juu ya baraza, si juu ya udongo, na kisogezwe kila baada ya muda ili mizizi isipate mlango wa nyuma. Mwenye kupenda faikasi yake lazima na aiweke chunguni vivyo hivyo, aipogoe na ajue inakolala. Sitamfuata nyumbani kwake.

Kisha tuje uwanjani kwetu shuleni. Pale nyuma ya maabara, kwenye uzio wa mbali, pana nafasi tupu ambayo hakuna tangi, hakuna choo wala ukuta kwa hatua nyingi kila upande. Hapo pandwe mkuyu mmoja. Mkuyu nao si malaika, mizizi yake inakwenda mbali kama ya jamaa zake, na ndiyo sababu nasema mmoja, na nasema pale. Tawi lake likipandwa mwanzoni mwa masika hushika. Kivuli chake hatutakipata sisi wa Kidato cha Tatu, tutakuwa tumekwisha ondoka; watakipata wale ambao sasa wako madarasa ya chini ya shule za msingi. Naomba pia katibu wa chama aandike barua kwa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ambayo ina kituo chake Gede, tuulize kama tunaweza kupata mche wa mtini adimu wa pwani, na kama haupo, tuelezwe unakoota ili tukauone.

Barua hiyo nimekwisha iandika rasimu. Iko kwa mwalimu, imesahihishwa kwa wino mwekundu mahali pawili, na inangoja sahihi ya mwenyekiti. Mkutano ni Ijumaa ya kwanza ya muhula, baada ya kipindi cha mwisho. Wanaotaka faikasi waje na hoja zao, nami nitakuja na kipande cha mzizi uliotolewa katika birika la nyanya, nimekihifadhi.